Besi Isiyotoka Redioni

Nestori tumemzika Muyama, kijijini kwa kina mkewe, kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba yake, jirani na migomba aliyoipanda mwenyewe. Niliondoka Kibondo alfajiri, nikafika mwili ukiwa bado ndani na kwaya ya kanisa lao imeshapanga vyombo chini ya turubai, jenereta likinguruma nyuma ya jiko. Mpigaji wa besi alikuwa baba mzima, mwenye tai na miwani, na alikuwa anachelewa. Siyo sana. Kidogo tu, kila pigo, kama mtu anayesitasita mlangoni pa watu. Mungu anisamehe, nikajikuta namkasirikia msibani, mimi niliyekuja kulia. Baada ya maziko Yuditha, mjane wa Nestori, akanivuta kwenye mkeka alipokaa na ndugu zake, akaninong'oneza: "Mwalimu, umeisikia ile besi? Marehemu angekuwa hai angeinuka akaondoka. Kila akisikia besi mbovu alikuwa anasema, laiti angekuwa Edina. Miaka yote mimi nikadhani Edina ni mwanamke wake wa zamani." Wanawake waliokaa naye wakacheka huku wameziba midomo kwa kanga, nami nikacheka. Nikamwambia hapana, hatukuwa hivyo. "Najua," akasema. "Nilimwuliza. Akanijibu, 'Edina ndiye niliyemtuma chuo, hakufika.' Nikashindwa kuelewa, mtu unamtumaje mwenzio chuo kama unayemtuma chumvi dukani?" Sikumfafanulia. Nilimwambia nitarudi siku ya kumaliza matanga, nikaenda kutafuta gari la Kasulu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kibondo, na ndimi pia mwalimu wa ushauri, maana yake kila mwaka vijana wa kidato cha sita wananijia ofisini kuniuliza wachague chuo gani. Wenzangu wanasema nina mdomo. Ni kweli ninao. Mtoto akiniambia amechagua chuo kwa sababu kiko karibu na kwao, namfukuza akafikiri upya. Wiki ile ile ya maziko, binti mmoja mwenye akili sana alikaa mbele yangu akasema amechagua uhasibu kwa sababu kwenye hesabu hawezi kukosea. "Nani amekwambia kukosea ni dhambi?" nikamfokea. "Kuna kitu unachokipenda wewe, au unatafuta pa kujificha?" Akatoa machozi. Nikabaki nimeshika meza, nikajua kwamba sikuwa namfokea yeye. Nikamwomba radhi, nikamtuma mtu atuletee chai.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na kazi yangu ilikuwa kusubiri. Nilikaa Kasulu kwa shangazi yangu Apolonia, aliyekuwa na mgahawa wa vyumba viwili karibu na soko. Chumba cha mbele kilikuwa cha wateja, na cha nyuma, kilichopakana na jiko, kilikuwa changu pamoja na magunia ya maharage na madumu ya mawese. Nguo zangu zote zilinuka mawese, hata ya kanisani. Asubuhi tulikuwa tunapika chai ya maziwa na maandazi, mchana ugali wa muhogo kwa migebuka ya ziwani au maharage, na sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa mpaka ikalegea kabisa, maana Shangazi alikuwa na msemo kwamba sombe yenye vipande ni majani ya mbuzi. Juu ya dirisha la jiko kulikuwa na redio ndogo ya mkulima, spika yake haizidi kifuniko cha sufuria ya mchuzi, imefungwa kwa mpira wa baiskeli isiachane. Kwa ajili ya redio hiyo ndipo nilipomfahamu Nestori. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, akikaa kambini Mtabila, na siku za soko akipata kibali cha kutoka alikuwa anaketi barazani kwetu kutengeneza redio za watu. Alinizidi umri kidogo. Alikuwa mwembamba, mwenye vidole virefu vilivyounguzwa na risasi ya kuchomelea nyaya, na gitaa alilolichonga mwenyewe likimning'inia mgongoni, uzi wake mmoja ukiwa waya wa breki ya baiskeli. Shangazi hakuwa mtu wa kusifu watu, lakini alimpa sahani iliyojaa kila alipokuja, na akimwona hali chakula anamgombeza kwa Kiha, naye anamjibu kwa Kirundi, wanaelewana vizuri kabisa.

Gitaa la besi nililipata kanisani, na nililipata kwa ugomvi wa wengine. Mpigaji wetu alikuwa amehamia Mwanza, na wanaume wawili wakawa wanaligombania gitaa lile mpaka wakaacha kusalimiana. Mwenyekiti wa kwaya, kwa kuogopa kumuudhi mmoja wao, akanikabidhi mimi, msichana wa sauti ya pili, "kwa muda." Weee! Nilipolivaa mara ya kwanza ule mkanda ulinikata bega, na nilipogusa uzi mnene wa juu, sauti haikunijia masikioni. Ilinijia tumboni, na miguuni kupitia sakafu. Nilisimama nimeduwaa, mwenyekiti akaniuliza kama nimepigwa shoti. Nilipenda. Sijui niseme nini zaidi. Nimeolewa, nimezaa, nimewapenda watu wangu, lakini kupenda kwa namna ile, kwa ghafla na bila kumwomba mtu ruhusa, sikuwahi tena. Kila jioni baada ya kuosha vyombo vya Shangazi nilikuwa nakimbilia kanisani kujifunza, na siku za soko Nestori alikuwa ananifuata huko na gitaa lake kabla muda wa kibali chake haujaisha. Yeye aliita mazoezi yetu "repetisyo", kwa Kifaransa chao cha kambini.

Ni Nestori aliyenitia ugonjwa wa roki. Jumamosi, siku ya soko, alasiri kulikuwa na idhaa moja ya nje iliyokuwa inapiga muziki wa magitaa ya kupiga kelele, na redio yetu ya dirishani ilikuwa inaukamata ikielekezwa vizuri na mtu akaishika antena. Shangazi aliuita muziki wa watu wanaogombana. Sisi tulikuwa tunaegemea dirisha, mimi nashika antena, yeye gitaa mapajani, anafuata. Kulikuwa na wimbo mmoja uliorudiwa mara kwa mara, tukaupenda kupita yote. Nestori akashika sehemu ya gitaa la kwanza, yote, bila kukosea. Ikaja zamu yangu. "Mimi nifuate nini?" nikamwuliza. "Kuna ngoma, kuna magitaa, kuna mtu anapiga mayowe. Besi sisikii."

"Besi iko," akasema. "Hatuisikii tu. Hii spika ni ndogo, sha, sauti nene haipiti mule. Inakataa kama ng'ombe kwenye mlango wa kuku."

"Sasa nitapiga nini?"

"Piga ile inayotakiwa kuwepo."

Nikaanza kuitafuta. Ilinichukua majira yote ya mvua. Nilikuwa nafikia pahali ngoma inaposita nikajiuliza, kama ningekuwa mimi chini ya watu hawa, ningewashikilia vipi wasianguke? Nikipata vizuri Nestori alikuwa anapiga kelele, "Yampaye inka!" kama wanavyoshangaa kwao, na mlinzi wa kanisa anatuchungulia. Hatukusema tumetunga. Tuliamini tumeifukua, kwamba iko vile vile kule ilikorekodiwa, na sisi watu wa Kasulu tumeitoa kwa akili. Nikicheka leo nacheka kwa uchungu, maana sijawahi tena kuwa na uhakika na jambo lolote kama nilivyokuwa na uhakika na besi ile.

Mezani kwa Shangazi kulikuwa na mteja wa kila siku, Mwalimu Shaweji, mtu wa Tanga aliyeletwa na serikali kufundisha katika chuo cha ualimu pale Kasulu. Alikula taratibu na kusema sana. Chumba changu kilitengwa na mgahawa kwa pazia tu, kwa hiyo maisha yangu niliyasikia yakijadiliwa huku nimelala juu ya magunia. "Bi Apolonia, huyu mtoto nafasi ya ualimu anaipata, nakuhakikishia," alikuwa anasema. "Lakini hilo gitaa! Mtoto wa kike na gitaa, ataolewa na spika?" Shangazi akamjibu, "Aolewe na nani, na ninyi wanaume mnaokula huku mnasema? Mwache apige. Yesu hajalalamika." Wote wakacheka. Kisha sauti ya Shangazi ikashuka, nikasikia akimwuliza, kama mtu mwenye hofu, "Lakini hicho chuo cha muziki cha huko pwani, Mwalimu, mtu akitoka anakuwa nani?" Kijiko cha Mwalimu Shaweji kikagusa sahani, kikatulia. "Anakuwa mpiga muziki," akasema, na nikasikia kijiko chake kinaendelea na kazi.

Chuo hicho cha pwani kilikuwa kinafundisha sanaa, na Nestori ndiye aliyesikia tangazo redioni kwamba wakufunzi wake watapita mikoani kufanya usaili, Kigoma ikiwemo. Nilidhani ananiambia kama habari. Kumbe alishaamua. "Utakwenda," akasema, huku anapuliza moshi wa risasi kwenye redio ya mtu. Nikamwambia yupo mpiga gitaa wa kweli, yeye mwenyewe, aende yeye. Akaweka chini chuma chake. "Dada Edina, mimi nikivuka kizuizi cha polisi pale njiani nakamatwa. Chuo gani kitaniandika mimi? Wa nchi gani? Kule kambini kila siku wanatuambia tutarudishwa, na kule tunakorudishwa sina hata jiwe la kukalia. Wewe una nchi. Nenda ukajifunze, halafu kila likizo uje unifundishe yale waliyokufundisha. Tutakuwa tumesoma wote." Hakusema kwa huzuni, alisema kama mtu anayepanga kulima shamba. Nikamwambia sawa, nitakwenda. Tangu siku hiyo mazoezi yakawa kazi, na alikuwa mkali, ananirudisha mwanzo nikichelewa hata kidogo.

Usaili ulifanyika Kigoma, katika ukumbi wenye madirisha ya vioo. Wakufunzi walikuwa wawili, mwanamume mwenye ndevu na mama mmoja mtu mzima aliyevaa kitenge. Sikuwa nimewahi kuona spika kubwa namna ile, ilinifika kifuani. Wakaniambia nipige ninachotaka. Wa mbele yangu walikuwa wamepiga nyimbo za kwaya na za dansi, mimi nikawaambia ninapiga roki, nikautaja wimbo kwa kuuimba kidogo, mwenye ndevu akainua uso, "Ohoo, unaufahamu huo?" Nikapiga. Nilipiga vizuri, nalisema bila kujivuna. Nilipomaliza, mwenye ndevu alikuwa anatabasamu. "Umejifunza wapi hiyo? Mbona siyo besi ya wimbo huo?" Akafungua mkoba wake, akatoa kaseti, akaitia kwenye mashine iliyounganishwa na ile spika. Hakuwa mtu mbaya. Alifurahi tu kukutana na mtu wa Kasulu anayejua wimbo wake.

Basi ndipo nilipoisikia. Vioo vya madirisha vilitetemeka. Wimbo ulikuwa ule ule, ngoma zile zile, lakini chini yake, pale tulipokuwa tumeegemeza masikio majira yote ya mvua, kulikuwa na besi nyingine kabisa, noti mbili tatu zinazojirudia, nzito, tulivu, haziendi popote. Yangu ilizunguka, ilipanda, ilijibu kila neno la mwimbaji. Yao ilisimama tu. Ilikuwa nzuri mpaka nikataka kulia, na wakati huo huo nilitaka ardhi ipasuke. Aibu niliyoiona siku ile siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hakukulia na redio ndogo. Nilijiona mjinga aliyepita mitaani anasimulia habari za mji asiowahi kufika. Yule mama wa kitenge akanisogelea, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii yako umeitoa wapi?" Jibu lilikuwa rahisi: redio yetu haitoi besi, kwa hiyo tuliitafuta wenyewe, mimi na mwenzangu. Lakini nilihisi nikisema hivyo nitakuwa nimewavua nguo watu wote wa kwetu mbele ya ile spika. Nikasema, "Nimekosea. Naomba radhi." Akasema, "Sijakwambia umekosea. Piga tena." Nikaweka vidole juu ya nyuzi na sikuweza. Nikalivua gitaa, nikashuka jukwaani.

Nafasi nilipata. Hilo ndilo jambo ambalo Yuditha hakuambiwa, au aliambiwa akaona aibu kunitajia. Taarifa zote mbili zilifika mwezi mmoja, ya ualimu Kasulu na ya chuo cha pwani, na Shangazi aliweka chungu chake chini, akafuta mikono, akaniambia, "Mimi sikuzuii, wala sikusukumi. Sanduku nitakufungia mwenyewe. Sema tu linakwenda wapi." Ningependa sana kuandika hapa kwamba nilizuiwa. Wenzangu wengi wa umri wangu walizuiwa, na wana mtu wa kumlaumu. Mimi nilikaa juu ya magunia nikajiambia kwamba wale wakufunzi wamenihurumia, kwamba walikuwa wanatafuta mtoto wa mkoa wa mbali wa kujazia orodha, kwamba nikifika kule watakuwepo wenzangu waliokulia kwenye spika kubwa, wanaojua noti za kweli, na kila nitakapogusa uzi watanicheka. Ualimu nisingekosea. Walimu wote walionifundisha nilikuwa nimewaona wanafanyaje.

Siku ya soko Nestori alifika akitabasamu tangu njiani, maana Shangazi alikuwa ameshamtumia habari. "Tumepata!" akasema. Siyo umepata. Nikamwambia nimechagua ualimu. Alifikiri namtania, akacheka. Nikamweleza basi yote, spika, kaseti, zile noti mbili tatu. Nikamwambia, "Kaka Nestori, tulichokuwa tunapiga hakipo. Siyo chenyewe."

"Chenyewe ni kipi?" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipandisha sauti. "Chenyewe wanacho wao, wana kaseti! Wangetaka chenyewe wangekuita wewe wa nini? Yule mama alikwambia piga tena. Reka, Edina, acha. Mtu anakwambia piga tena, wewe unaomba radhi?"

"Walinihurumia."

"Nikubali wamekuhurumia," akasema, na sasa alikuwa anaongea polepole. "Mimi hata wakinihurumia namna gani siwezi kupanda gari. Wewe unaogopa nini?"

Niliogopa kuchekwa, jamani. Hicho ndicho nilichokiogopa, hakuna kikubwa zaidi, na mbele ya mtu ambaye aliogopa kurudishwa kwenye nchi iliyoua watu wa nyumbani kwao sikuweza kukitamka. Nikasema kwamba ualimu una uhakika. Nestori alimaliza redio aliyokuwa anaitengeneza, akaijaribu, akamkabidhi mwenyewe, na sahani aliyopewa na Shangazi siku hiyo aliiacha bila kuigusa.

Siku ya kuripoti chuoni alikuja, nisitegemee. Alikuwa amepata kibali, akajitwika sanduku langu la bati kichwani kutoka kwa Shangazi mpaka chuoni, mimi na Shangazi tukimfuata nyuma na godoro. Njia nzima ilikuwa ni pongezi. Mama wa maandazi, fundi viatu, mwenyekiti wa kwaya aliyekuwa ameshamkabidhi mmoja wa wale wanaume wawili lile gitaa, wote, "Hongera Edina! Hongera mwalimu!" Getini alikuwepo Mwalimu Shaweji na meza yake, anaandikisha, akafurahi kutuona. Jina, mkoa, dini, akaandika. Kisha akauliza, kama alivyomwuliza kila mmoja kwenye foleni, kama nina kipaji chochote, mchezo au chombo cha muziki, kwa sababu chuo kina bendi yake. Alijua. Alikuwa amenisikia nikipiga Jumapili ngapi akitoka sokoni. Aliinua kalamu akaningoja, na nina hakika alikuwa ananipa mlango. Nikasema, "Sina." Akamtazama Shangazi, Shangazi akatazama godoro. "Basi tuandike mapishi," akasema Mwalimu Shaweji kwa utani, "sombe ya kwenu naijua." Watu wa nyuma yangu kwenye foleni wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nestori alitua sanduku kwenye njia ya bweni la wasichana, pale ambapo wanaume hawakuruhusiwa kwenda mbele zaidi, akajipangusa jasho. Shangazi alikuwa anapiga vigelegele, na wenzangu wapya wanaitikia. Nestori akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akainama kidogo, namna wanavyofanya watu wanapoingia nyumba yenye maiti.

"Pole sana, dada," akasema.